Ziwa Kivu kwa baiskeli: na kiongozi au peke yako?
Njia ya Kongo-Nile nchini Rwanda ina kilomita 227, kutoka Gisenyi hadi upande wa Kamembe, ikifuata Ziwa Kivu. Ni vilima tupu: ukimaliza kushuka unaanza kupanda. Je, ulipie safari yenye kiongozi?

Kwa gharama, kujitegemea kunashinda bila ubishi. Unalipia chumba na chakula, basi. Wenye kiongozi hulipia pia gari la mizigo, ingawa mkiwa wanne au watano mnagawana.

Uhakika ni habari nyingine. Mvua za Aprili zikishuka, barabara ya udongo inageuka tope linaloganda kwenye breki na mnyororo. Mwenye gari nyuma hupakia baiskeli akasonga mbele. Wewe wa peke yako utasukuma hadi uikute lami. Lugha haisumbui sana Gisenyi, maana Goma ipo jirani na Kiswahili kinasikika mitaani. Milimani ni Kinyarwanda, na hapo kiongozi anakula mshahara wake kihalali.

Matengenezo: fundi wa kuziba pancha hakosekani, lakini pedi za breki za diski usizitegemee kijijini. Beba zako.

Una mazoezi na muda wa kutosha? Nenda mwenyewe, Juni hadi Agosti. Likizo ni fupi na wenzako hawajazoea milima? Lipieni. Wapo pia wanaoendesha hadi Kibuye tu, mji ulio katikati ya njia, wakarudi Gisenyi kwa boti.