Jedwali la ulinzi wa warushaji katika Baseball-Reference: Maddux na Ryan kwenye mizani moja

Wengi wanaofungua Baseball-Reference, tovuti ya takwimu za besiboli ya Marekani iliyoanzishwa na Sean Forman mwaka 2000, hutafuta hesabu za upigaji na urushaji, na ni wachache wanaoteremka hadi chini ya ukurasa wa mrushaji, yaani mchezaji anayemrushia mpigaji mpira, lilipo jedwali la ulinzi: jinsi anavyoudaka na kuurusha mpira uliopigwa ili kuwatoa wapinzani. Nimelitumia kwa muda mrefu, bila kulipa chochote, na naliona kuwa sehemu inayostahili kusomwa polepole kuliko zote.

Uzuri wake ni kwamba vipimo vikuu vya mchezaji vimewekewa wastani wa ligi ubavuni. Kipimo cha kwanza ni kiwango cha usahihi: matukio ambayo mchezaji alimtoa mpinzani mwenyewe, au alimrushia mwenzake mpira wa kumtoa, hugawanywa kwa jumla ya matukio hayo pamoja na makosa. Cha pili, kilichobuniwa na Bill James, huhesabu matukio hayo kwa kila raundi tisa, yaani urefu wa kawaida wa mchezo mmoja, na hivyo huonyesha mtu anafikia mipira mingi kiasi gani, si tu kama anaikosea anapoifikia.

Ukurasa wa Greg Maddux, aliyecheza kuanzia 1986 hadi 2008, ndio mahali pazuri pa kuanzia. Alishinda Glavu ya Dhahabu, tuzo ya kila mwaka ya mlinzi bora wa kila nafasi, mara 18, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine wa nafasi yoyote aliyeifikia. Aliwatoa wapinzani 546 kwa mkono wake, akawasaidia wenzake mara 1,194, akakosea mara 53. Usahihi wake ukawa asilimia 97, na kwa kila raundi tisa alishiriki katika matukio 3.1. Sasa fungua ukurasa wa mrushaji mwingine, Nolan Ryan: aliwatoa 220, akasaidia mara 547, akakosea mara 90. Usahihi wake haufiki hata asilimia 90, ilhali warushaji kwa kawaida huwa karibu na 95, na matukio yake kwa raundi tisa ni 1.3 tu.

Hapa ndipo jedwali linapomtaka msomaji atumie akili yake, kwa sababu wastani wa ligi kwenye kipimo cha pili haumwangalii mrushaji ni wa aina gani. Ryan aliwatoa wapigaji 5,714 kwa straiki tatu, yaani bila mpira kupigwa kwenda uwanjani, na katika kumbukumbu rasmi za mchezo utoaji wa namna hiyo huandikwa kwa jina la mdakaji aliyeko nyuma ya mpigaji. Kwa hiyo zaidi ya theluthi ya waliotoka alipokuwa akirusha hawakumpa nafasi yoyote ya kulinda. Maddux, ambaye mipira yake ilizama na kupigwa chini kuelekea miguuni pake, alikuwa na 3,371 tu. Kumlaumu Ryan kwa pengo lote hilo ni kumlaumu mtu kwa kutovuna shamba ambalo hakupewa.

Niliamua kuzitoa straiki hizo na kuhesabu upya. Kati ya waliotoka kwa njia nyingine, Ryan alihusika na takriban asilimia 7, Maddux na takriban 15. Pengo limepungua, lakini halijatoweka: Maddux bado ni mara mbili, na sehemu ya ziada hiyo hutokana na mipira ya chini aliyojitafutia mwenyewe. Hesabu hii ni ya dakika mbili kwa kikokotoo, na ningependa kuikuta tayari ndani ya jedwali. Kwenye usahihi, kwa upande mwingine, sioni utetezi wowote kwa Ryan, maana makosa 90 ni mipira aliyoifikia.

Nasifu pia safu za besi zilizoibwa, yaani mara ambazo wakimbiaji wa timu pinzani walisogea hadi kituo kinachofuata bila mpira kupigwa, kwa kuwa zinakataa kumpamba mtu. Maddux huyo huyo mwenye glavu 18 hakujisumbua sana kuwazuia wakimbiaji, akaona afadhali ashughulike na mpigaji, na safu hizo zinaonyesha alivyoibiwa. Majaji wa Glavu ya Dhahabu hawakuonekana kulijali jambo hilo: walimpa kila mwaka kuanzia 1990 hadi 2008, isipokuwa 2003, ilipokwenda kwa Mike Hampton.

Anayefungua jedwali hili kwa mara ya kwanza atakutana na vifupisho vingi visivyojieleza. Aanze na safu tatu za utoaji, usaidizi na makosa, kisha ndipo aguse wastani wa ligi.