Sauti na mdomo haviendi pamoja: urekebishe kwenye brauza au udaunlodi ucheze na VLC, ile programu ya kuchezea video?

Huku Lamu mjadala huu hauishi, hasa kwenye video za Maulidi, mkono umeshapiga twari, ile ngoma ndogo ya mkononi, na mlio ndo unafuata.

Kwa bando brauza inashinda, unacheza kipande unachotaka tu. Anza na kutoa spika ya bluetooth uweke earphone za waya, maana bluetooth yenyewe huchelewesha sauti, halafu funga tabu zingine za brauza, ikigoma ingia setingi za Chrome, sehemu ya System, zima graphics acceleration (chipu ya picha kuisaidia prosesa) ufungue Chrome upya. Ila kompyuta ikiwa ya zamani picha yaweza kuanza kukwama, prosesa ndo inabeba kazi yote.

Kwa uhakika mimi naipa VLC. Kwenye Windows J inawahisha sauti na K inaichelewesha, milisekunde 50 kila ukibonyeza, unabonyeza huku ukitazama ule mkono mpaka ukutane na mlio, na hata video iliyorekodiwa vibaya inanyooka. Usumbufu ni kwamba ukifungua faili nyingine unaanza upya.

Bando la kuungaunga na klipu fupi, baki na brauza. Kama una wifi na ni shughuli ya usiku mzima, daunlodi tu.