Mtungi wa kuzimia moto wa kilo 6: nimeununua mara mbili

Karakana yangu ya makochi iko Kisauni, Mombasa. Ndani mna sponji mpaka darini, mbao, vitambaa na madebe ya gundi. Sponji ikishika moto haikupi muda wa kufikiri, na moshi wake huua hata kabla ndimi za moto hazijakufikia. Kwa hiyo mtungi wa poda kwangu si pambo la kumwonyesha afisa wa kaunti akija kukagua.

Wa kwanza niliununua kwa shilingi 3,200, duka moja la mjini. Mwekundu, unang'aa, mshale wa geji umesimama kwenye kijani, alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, imebandikwa mbele. "Fundi, huu mpya kabisa," muuzaji akaniambia, nami nikalipa.

Nilipofika karakana ndipo nikatuma ujumbe wa simu wa SM# pamoja na namba iliyo chini ya alama kwenda 20023, namba ya KEBS ya kuhakiki bidhaa. Jibu likarudi: kibali kipo, lakini ni cha rangi ya nyumba! Nikaunyanyua tena mtungi, nikauona mwepesi. Nikauvusha barabara kwa muuza mchele, mizani yake ikasoma kilo 7.1, na lebo inasema ukiwa umejaa uwe kilo 9.2. Tulipobandua ile lebo, chini yake palikuwa na nyingine kuukuu iliyoandikwa BC. Poda ya BC huzima petroli na gesi. Kwa mbao na sponji zinazofuka makaa haikufai. Ningesimama na mtungi huo mbele ya moto, na vijana wangu wawili nyuma yangu.

Geji haikusema uongo, na hili wengi hatulijui. Geji hupima mgandamizo wa gesi tu. Poda yaweza kuwa nusu na mshale ukakaa kwenye kijani vilevile. Poda utaijua kwa mizani.

Pesa sikurudishiwa. Nikaenda duka jingine, shilingi 4,800, na huko ndiko ningemwelekeza ndugu yangu. Binti aliyekuwa kaunta alinitangulia: "Baba, tuma namba kwanza, ndipo tuzungumze bei." Nikatuma. Jina la bidhaa na la kampuni yakalingana na ya kwenye mtungi. Akaupima mbele yangu, kilo 9.3, sili ya pini haijaguswa. Lebo inasema ABC, yaani pamoja na petroli na gesi unazima pia mbao na vitambaa, ambavyo ndivyo A, kisha 21A 113B. Hizo namba zina maana: kwenye jaribio, mtungi wa aina hii umezima moto wa rundo la mbao lenye urefu wa mita 2.1 kutoka mwisho hadi mwisho, na moto wa sinia lenye lita 113 za maji na mafuta juu yake. Lebo isiyo na namba hizo sasa siitaki.

Kinachoniuma ni kile kijikaratasi kinachofungwa shingoni mwa mtungi na anayeujaza upya. Alama ya KEBS inakuhakikishia mtungi ulivyotoka kiwandani, nao ulioagizwa kutoka nje una stika yake ya ISM, alama ya KEBS ya bidhaa za nje. Baada ya hapo mtungi utajazwa tena miaka na miaka, na ushahidi wa kazi hiyo ni tarehe iliyoandikwa kwa kalamu na sahihi isiyosomeka. Serikali ikipe nacho namba ya kutuma kwa simu, kama ilivyofanya kwa alama. Njia ipo tayari, na sisi wenye karakana tutaitumia.

Kasoro za huu wa pili: haukuja na kishikio cha ukutani, nilinunua kando kwa shilingi 250. Tena maelezo yote ni Kiingereza, na kijana wangu mmoja hakisomi. Nimebandika karatasi juu yake kwa maandishi makubwa: VUTA PINI. ELEKEZA CHINI YA MOTO. BANA. PELEKA HUKU NA HUKU. Ule wa kwanza nimeuweka nyuma ya mlango, lebo zote mbili zikionekana, nimwonyeshe afisa atakapokuja.