Nyumba mpya ukanda wa pwani: hewa ununue wapi kwanza, dirisha, pangaboi au AC?

Wengi wanaojenga sasa hivi Dar, Kibaha, Bagamoyo mpaka Tanga yanawakuta yaleyale, nyumba inaisha, jipsamu imepigwa vizuri na taa zake za rangi, halafu ikifika Februari ndani hakukaliki, hapo ndo mtu anakimbilia AC tatu kwa mpigo. Naomba usome hii kabla hujampa fundi aluminiamu advansi, maana kwenye oda ya madirisha ndo unaamua utakuwa unanunua LUKU ya shilingi ngapi miaka yote utakayoishi humo.

Nimepanga kuanzia cha kununua kwanza mpaka cha mwisho, kwa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu yenye paa la bati.

Namba moja ni dirisha, na hapa ndo pa kutuliza akili. Kila mtu anaweka slaidi, lakini angalia linavyofunguka, kioo kimoja kinakaa nyuma ya mwenzake, yaani umelipia dirisha la futi tano kwa tano ila upepo unapita kwenye nusu tu, na hapo bado wavu wa mbu haujachukua fungu lake. Dirisha la kufungua kama mlango linaachia karibu lote. Luva za vioo nazo hivyohivyo, tena mvua ya manyunyu unaziinamisha na hewa inaendelea kuingia, shida yake hazizibi sawasawa kwa hiyo chumba ulichopanga kuja kuweka AC usiweke luva, weka la kufungua. Likifunguka kwa nje mwambie fundi grili na wavu vikae upande wa ndani, na akuonyeshe mkono utapitia wapi kufungua na kufunga, wengi wanakumbuka hilo grili ikishachomelewa.

Halafu dirisha moja peke yake halileti upepo, hewa lazima iwe na pa kuingilia na pa kutokea. Chumba cha kona weka madirisha kuta mbili. Chumba chenye ukuta mmoja tu wa nje acha tundu juu ya mlango wa ndani ili hewa ivuke koridoni. Na miezi yetu ya joto kali ndo miezi ya kaskazi, upepo unatokea kaskazini mashariki, kwa hiyo kama ramani bado haijafungwa sebule na masta zipewe upande huo, choo na stoo ziende kwingine. Hili halina gharama yoyote ukiwa bado kwenye karatasi.

Namba mbili, matundu ya darini. Bati likipigwa na jua mchana kutwa joto linajaa juu ya jipsamu na usiku linakushukia kitandani. Acha matundu pande mbili za paa zinazotazamana, weka wavu wa chuma popo wasiingie. Wenye mapaa ya kujificha nyuma ya ukuta ndo muwe makini zaidi, yale yana nafasi ndogo darini na mara nyingi fundi anaziba kila upande, mdai matundu mapema kabla ya plasta.

Namba tatu pangaboi. Feni haileti hewa mpya, inasukuma iliyopo na ngozi inahisi kama joto limeshuka nyuzi mbili tatu, kwa hiyo chumba hakina mtu izime. Za kawaida zinakula kama wati 75, hizi mpya za mota isiyo na brashi zinakula kama 30. Piga hesabu, feni tatu za kawaida zikizunguka kwa saa kumi kila siku ni uniti 67 na nusu kwa mwezi, wakati zile mpya ni uniti 27. Kwa aliye kwenye tarifu ya umeme ya bei nafuu, ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hiyo tofauti ndo inamuacha humo au inamtoa. Mimi ningenunua mpya kwa vyumba vya kulala, ila muulize muuzaji kama bodi yake, yaani saketi inayoendesha mota, inapatikana dukani, kwa sababu feni ya kawaida ikichoka kapasita fundi yeyote wa mtaani anabadilisha, hii bodi ikiungua na huipati feni nzima imekwenda. Inchi 56 sebuleni, 48 chumbani, na mapanga yasikae chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni, kwa hiyo dari ya mita 3 usiibanie.

Namba nne, ekzosti feni za chooni na jikoni, ni bei ndogo, nunua tu, ila bomba litoke nje ya ukuta, sio kupumulia darini ukaotesha ukungu kwenye jipsamu. Jikoni kuna kitu cha lazima, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, kwa hiyo tundu la juu pekee halikusaidii, weka na lingine chini kabisa ya ukuta.

AC naiweka namba tano, ya inverta, yaani inayopunguza kasi yenyewe chumba kikishapoa, chumba kimoja kwanza. Ile ya ukutani inazungusha hewa ileile ya ndani, mkilala wanne mmefunga kila kitu asubuhi mnaamka vichwa vizito.

Mwisho kabisa ni zile mashine za Ulaya za kuvuta hewa mpya na kuokoa joto la inayotoka. Zinafanya kazi vizuri kwenye nyumba zilizozibwa kabisa kule kwenye baridi, kwa nyumba ya pwani inayofungua madirisha hazina joto la kuokoa. Hiyo hela kabadilishie slaidi.