Ruse, Mji wa Danube, Katika Mgahawa wa Kirumba

Kirumba, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni, upo mgahawa wa meza sita ambao mwenyewe alisomea mashine za kilimo nchini Bulgaria miaka ya 1980, katika mji wa bandari uitwao Ruse. Nimekula hapo mara tatu mwezi huu. Ninauandikia kwa sababu chakula ni sehemu tu ya kinachotolewa: picha zilizojaa ukutani, pamoja na maelezo ya mzee kila Jumamosi jioni, zimenionyesha mji wa mbali ambao mtu wa Mwanza anauelewa upesi.

Nianze na mezani. Tarator, yaani supu baridi ya mtindi, matango, kitunguu saumu na shibiti, inastahili safari ya mtu kutoka Buzuruga au hata Usagara. Mzee huipika kwa mtindi mzito wa ng'ombe wa Usukumani, na waliolelewa kwa maziwa mgando humaliza bakuli kabla ya kuuliza jina lake. Mwenyewe hueleza kwamba Mbulgaria Stamen Grigorov ndiye aliyewatambua, mwaka 1905, bakteria wanaogandisha mtindi wa kwao, na hadi leo bakteria hao wanabeba jina la nchi hiyo. Kababu zao, kebapche, ni nzuri. Banitsa, mkate wa tabaka nyembamba wenye jibini na mayai, haikuniridhisha: mara mbili ililetwa imepoa na kulowa mafuta. Nilipomweleza mzee alinijibu, "Kweli mwanangu, tanuri hii hainitoshi," na nadhani hilo ndilo la kurekebishwa kwanza.

Picha kubwa kuliko zote ni ya stesheni ya zamani iliyo ukingoni mwa mto Danube. Reli ya Ruse hadi Varna, iliyofunguliwa mwaka 1866 wakati mji ulipokuwa chini ya Dola ya Osmani na makao makuu ya jimbo la Danube, ilikuwa ya kwanza katika ardhi ambayo leo ni Bulgaria, na stesheni hiyo sasa ni makumbusho ya usafiri. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, nasi pia tulikua kwa mzigo ulioshuka behewani ukapanda melini. Fedha za biashara zilijenga Ruse majumba ya roshani na sanamu, hata watu wakauita Vienna Ndogo. Hapo alizaliwa mwaka 1905 Elias Canetti, mwandishi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, Myahudi ambaye nyumbani kwao walizungumza Kihispania cha kale, na aliyekumbuka kwamba kwa siku moja mtu angeweza kusikia mjini lugha saba au nane. Mzee alipofika hapo, meza ya jirani ilianza kuhesabu zinazosikika Mwaloni: Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kikara, Kihaya. Hiyo ndiyo saa niliyoipenda kuliko zote.

Daraja kati ya Ruse na Giurgiu, upande wa Romania, lilifunguliwa mwaka 1954 na likabaki pekee juu ya mto huo kati ya nchi hizo mbili hadi 2013. Aliyewahi kupanga foleni ya kivuko cha Kigongo kabla ya daraja la Busisi hahitaji kuelezwa uzito wake. Ninachomlaumu mzee ni kupita haraka kwenye jambo zito zaidi: gesi ya klorini iliyovuka mto kutoka kiwanda cha Giurgiu, na akina mama walioandamana mwaka 1987 wakisukuma vigari vya watoto, chini ya serikali isiyozoea kuhojiwa. Sisi tunaoishi kando ya ziwa linalopokea taka za viwanda tungependa kusikia hilo kwa kirefu. Vilevile asiache kutaja kwamba Ruse inapungua, kutoka watu wapatao 170,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi wapatao 123,000 katika sensa ya 2021, wakati Mwanza inazidi kupanda vilimani.

Bakuli la tarator ni shilingi 5,000, na sahani ya kebapche ni 9,000. Maelezo huanza saa moja usiku, nayo hayalipiwi. Anayetaka kuketi chini ya picha ya stesheni afike mapema, kwani meza hiyo ni moja.