Rega Planar 3 au Technics SL-1500C: ipi imfae mwenye sanduku la singo?

Mtu akishachoka na zile gramafoni za begi zenye spika ndani, na akitaka santuri zake zisikike inavyopaswa, mara nyingi safari yake huishia kwenye mashine hizi mbili. Rega Planar 3 ni ya Uingereza. Kampuni ilianzishwa mwaka 1973 na Tony Relph na Roy Gandy, na jina lake ni herufi mbili mbili za mwanzo za majina yao ya ukoo. Technics SL-1500C ni ya Japani, ilitoka 2019, na ni ndugu wa SL-1200 ambayo dijei yeyote ataitambua gizani.

Kwa bei, Rega inaonekana nafuu, lakini usidanganyike na kibandiko cha kwanza. Planar 3 inakulazimu ununue katriji, yaani kile kipande kinachobeba sindano (imekuwa ikiuzwa pia ikiwa tayari na Elys 2 ya Rega wenyewe), na pia priamplifaya ya fono, saketi inayokuza sauti dhaifu ya katriji, kama amplifaya yako haina tundu la PHONO. Technics inakuja na katriji ya Ortofon 2M Red imeshafungwa kwenye kichwa cha mkono, na priamplifaya ya fono imo ndani. Ukijumlisha vyote, pengo la bei linakuwa dogo sana.

Swali la kujiuliza kabla ya kufikiria sauti ni hili: sanduku lako lina nini? Ukienda kwenye nyumba nyingi za Afrika Mashariki zenye santuri, LP, zile santuri kubwa za mizunguko 33 kwa dakika, ni chache. Zilizojaa ni singo za inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika, za rumba, twist, benga na taarabu, na wimbo mmoja mara nyingi umekatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Maana yake unainuka kila baada ya dakika tatu au nne. Hapo ndipo mashine hizi zinapoachana.

Kwenye Planar 3, kutoka 33 kwenda 45 hakuna kitufe. Unaondoa santuri, unatoa mkeka, unanyanyua sahani ya kioo ya milimita 12, kisha unasogeza mkanda wa mpira unaozungusha sahani kwa kidole kutoka mfereji mdogo wa puli kwenda mfereji mkubwa, ndipo unarudisha kila kitu. Kufanya hivyo mara moja si taabu. Kufanya hivyo kila unapochanganya singo na LP jioni nzima ni adhabu, na vidole vyenye mafuta vikigusa mkanda kila mara, mkanda unaanza kuteleza. Dawa yake ni kununua kisanduku cha umeme cha Rega kiitwacho Neo, kinachobadili mwendo kwa kitufe. Ni kizuri, ila ni gharama nyingine juu ya gharama.

Technics haina mkanda kabisa. Mota inazungusha sahani moja kwa moja. Unabonyeza 33 au 45, na kutoka kusimama hadi mwendo kamili ni sekunde 0.7. Kuna na jambo lingine dogo ambalo wenye singo watalishukuru: wimbo ukiisha, mkono unajiinua wenyewe. Haurudi mahali pake, unajiinua tu, lakini inatosha kuiokoa sindano isisage mfereji wa mwisho wakati wewe uko jikoni. Kwenye Rega sindano hukaa hapo ikisaga mpaka urudi.

Ukibonyeza 33 na 45 kwa pamoja, Technics inakwenda mizunguko 78. Hili si pambo kwa mwenye kurithi santuri za kale. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na sauti ile ilitoka kwenye santuri za 78. Tahadhari ni kwamba mwendo peke yake hautoshi. Mfereji wa santuri hizo ni mpana: unahitaji sindano ya duara ya takriban mikroni 65, ilhali ncha ya 2M Red ni mikroni 8 kwa 18. Sindano ya LP ikiingia humo inazama hadi chini kabisa, inakokota uchafu wa karibu miaka mia, na unachosikia ni mchakacho. Ortofon wana 2M 78. Inunue ikiwa nzima na kichwa chake cha ziada, kisha ubadili kichwa kizima kwa kulegeza ile pete ya mbele ya mkono, maana mkono wa Technics umeundwa kwa hilo. Baada ya kubadili kichwa, pima uzito upya. Ukicheza utasikia sauti imefifia juu na kujaa chini, kwa sababu saketi ya fono inafuata RIAA, kanuni ya kusawazisha besi na trebo iliyoenea miaka ya 1950, na santuri za kabla ya hapo hazikukatwa kwa kanuni hiyo. Ongeza trebo, punguza besi kidogo, itakaa sawa. Na usizisafishe kamwe kwa spiriti: lakiri iliyotumika kuzitengeneza inayeyuka. Maji safi na kitambaa laini, bila kulowesha lebo.

Kuifunga Technics kunachukua kama nusu saa ukiwa mtulivu. Weka kiunzi, yaani mwili wa mashine, juu ya meza nzito, chukua pima maji, zungusha miguu mpaka kiputo kikae katikati kwa pande zote mbili. Shusha sahani taratibu kwenye mhimili, weka mkeka wa mpira. Chomeka kichwa kwenye mkono na ukaze pete. Ikilegea, upande mmoja wa sauti utapotea. Sasa zungusha kipimo cha kuzuia mteleko (kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati ya santuri) kwenye sifuri, toa kifuniko cha sindano, fungua klipu ya mkono, na uzungushe uzito wa nyuma mpaka mkono uelee sambamba na sahani, usipande wala usishuke. Urudishe kwenye klipu. Shika uzito usizunguke, zungusha pete ya namba pekee hadi 0. Kisha zungusha uzito na pete kwa pamoja hadi 1.8. Hizo ni gramu 1.8, ndizo Ortofon wanazopendekeza kwa 2M Red, na mipaka yake ni kati ya 1.6 na 2.0. Kipimo cha mteleko nacho kiweke karibu na 1.8.

Kosa la kawaida hapa ni kuzungusha pete peke yake mpaka 1.8. Namba itasoma vizuri kabisa huku mkono ukielea bila uzito wowote, na sindano itaruka kama panzi. Mizani ndogo ya dijitali ya sindano ni rahisi na inamaliza ubishi. Hakikisha tu kibao chake kiko kimo kilekile cha santuri unapopima.

Urefu wa mkono hupuuzwa sana. Shusha sindano kwenye santuri, utazame kutoka pembeni: mkono uwe sambamba na santuri. Nyuma ikiinuka, sauti inakuwa kali na herufi "s" zinachoma. Ikishuka, sauti inakuwa nzito na butu. Technics ina pete ya kupandisha na kushusha chini ya mkono. Legeza kufuli kwanza, ndipo uzungushe.

Rega ni rahisi zaidi mwanzoni, mradi ubaki na katriji za Rega. Elys 2 inashikwa na skrubu tatu badala ya mbili, kwa hiyo haiwezi kukaa upande. Hakuna haja ya karatasi ya kupimia pembe. Weka kipimo cha uzito cha mkono wa RB330 kwenye 0, zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee, kisha kipimo kiende 1.75 na cha mteleko vilevile. Umemaliza. Shida inakuja ukitaka katriji ya kampuni nyingine. 2M ni ndefu kuliko katriji za Rega, na mkono wa Rega haupandi wala kushuka, kwa hiyo unalazimika kuingiza pete ya milimita 2 chini ya mguu wa mkono. Si kazi ngumu, ila uijue kabla hujalipa.

Ukiunganisha waya nyuma ya katriji kwa mikono yako, rangi ni hizi kwa mashine zote: nyeupe ni kushoto chanya, buluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Tumia kibano, shika klipu na si waya. Waya huo ni mwembamba mno na ukikatika shingoni, fundi wa kawaida ataushika kwa shida.

Nyuma ya Technics kuna swichi ya fono. Ikiwa amplifaya yako ina tundu la PHONO na unalitumia, izime, na waya utoke kwenye matundu ya PHONO OUT, si LINE OUT. Sauti ikipita kwenye priamplifaya zote mbili, ya mashine na ya amplifaya, itapasuka hata ukiwa chini kabisa. Kinyume chake, sauti nyembamba isiyo na besi, ya kunong'ona, ni dalili kwamba hakuna priamplifaya yoyote inayofanya kazi njiani. Mvumo wa chini usiokoma unaonyesha waya wa ethi haujafungwa kwenye skrubu ya GND ya amplifaya. Rega haina waya huo, ethi yake inapita kwenye waya wa sauti wenyewe, kwa hiyo ukisikia mvumo, angalia kwanza kama plagi zimeingia hadi mwisho, kisha sogeza adapta na priamplifaya mbali na mashine.

Sakafu zetu za zege na vigae ni neema kwa santuri: ukitembea sindano hairuki kama kwenye nyumba za mbao. Ila kuta tupu za tofali zinarudisha besi. Spika zikikaa kwenye kabati moja na mashine, ukiongeza sauti utasikia ngurumo inayojikuza yenyewe. Tenganisha, mashine iwe na meza yake, na kifuniko cha vumbi kifungwe wakati hakuna santuri inayocheza.

Kwa masikio, Planar 3 ina wepesi unaopendeza: kanuni (ala ya nyuzi ya taarabu) na gitaa za solo zinaruka mbele, mwimbaji anasikika akiwa hai. Technics imetulia zaidi, besi yake ni imara na noti ndefu, za fidla au saksafoni, hazitetereki hata kidogo. Kiungo dhaifu cha Technics ni 2M Red yenyewe, ambayo kwenye singo zilizochakaa inatia ukali kwenye "s" karibu na lebo. Usibadilishe katriji: vuta sindano nyekundu kwa mbele, chomeka ya 2M Blue, basi. Uzito ni uleule wa 1.8, hakuna kupima upya. Ni fedha iliyotumika vizuri kuliko waya wowote wa bei mbaya watakaokushawishi dukani.

Kwa sindano pia ndiko Rega inakoniudhi. Elys 2 haibadilishwi sindano nyumbani. Ikiisha au mtoto akiivunja, ni katriji nzima au kuirudisha kwa muuzaji, na kwa mtu wa Tanga au Kisumu hiyo ni safari ya forodha na wiki za kusubiri. Sindano ya 2M inaingia kwenye bahasha.

Kwa mwenye LP, asiyegusa 78, na aliye na priamplifaya nzuri tayari, chukua Planar 3 na uweke mkanda wa akiba kwenye droo, maana mpira na joto la pwani havipatani. Mwenye sanduku la singo achukue Technics. Ukiinunua imetumika, hasa iliyotoka Japani au Marekani, soma kibandiko cha volti nyuma kabla ya kuchomeka. Muuzaji akiisafirisha kwa basi, mwambie atoe sahani, uzito wa nyuma na kichwa, avifunge kila kimoja peke yake, na mkono aufunge kwa uzi laini kwenye klipu yake.