Fundi wa kerisi hapa Solo: macho anayo, mikono hana

Nina hasira, msinishike. Kerisi yenye mipindo, lile jambia la jadi la huku, niliyopewa na baba mkwe hapa Solo, Java ya Kati, imerudi kutoka kwa fundi ikiwa imeliwa na asidi, na bado nadaiwa hela ya kazi.

Haki yake nimpe kwanza. Kutambua, mzee anajua. Aliichomoa alani, akahesabu mipindo toka shinani, kidole gumba kikigusa kila kona: kumi na mmoja. Witiri, kama ilivyo ada. Sokoni wangeniambia ni ya Majapahit, ufalme wa kale wa Java, maana huku kila chenye kutu ni cha Majapahit. Yeye akacheka. Ya kisiwa cha Madura, akasema, wala si ya kale sana. Mpini wa Surakarta, yaani wa hapa hapa Solo, umevishwa baadaye. Hakunitoza kitu. Ningeondoka saa ile ile, leo ningempa nyota tano.

Tukakubaliana asafishe kwa njia ya wenyeji: maji ya nazi kulegeza kutu, ndimu ya kusugulia, mwishoni aseniki iliyochanganywa na maji ya ndimu. Chuma kinakuwa cheusi, nikeli inabaki nyeupe, ndipo pamori, yale marembo ya ndani ya chuma, inapojitokeza. Kazi ya subira. Wengi hungoja Suro, mwezi wa kwanza wa kalenda ya Kijava, na mimi nilingoja bila kumsumbua.

Siku ya kuichukua, harufu ilinipokea mlangoni. Chupa ya dawa ya kusugulia choo iko wazi kando ya beseni! Sanaa ambayo UNESCO iliitangaza urithi wa binadamu mwaka 2005, mtu anaiosha kwa dawa ya choo. Matabaka yamefumuka, ukipitisha ukucha unakwama. Na ule mkonga mdogo uliojikunja pale shinani umekatika ncha.

"Pak, hii ncha imekwenda wapi?"

Hakuinua hata uso. "Mas, Madura ya juzi hii. Unalia kama vile imetoka kasri."

Yaani utaalamu wake ndio akaufanya kisingizio! Basi zile nyota tano nazifuta. Ingawa, ukiwa na kerisi usiyojua asili yake, nenda tu ukamwonyeshe, hapa mjini sijaona jicho kama lake. Lakini ishike mwenyewe mpaka mwisho, na akiinuka kuelekea lile beseni, aga uondoke.

Salio lake silipi.